Jinsi ya kuandika riwaya ya kuchekesha yenye taharuki kuhusu mama wa mtaani aliyegeuka jasusi

Kuna siku nilikaa jikoni kwa mama mdogo Kimara, yeye anachambua mchele kwenye ungo mi namsomea sura ya tatu ya hadithi yangu ya jasusi mwanamke. Nilikuwa nimefika pale mama wa watu anaruka ukuta wa godauni saa nane usiku, mvua inapiga, bastola kiunoni, nikashusha sauti kabisa ili roho imruke, mama mdogo akasimamisha mkono juu ya ungo akaniangalia akasema, "Na watoto kawaacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Sura ya kwanza nilishasema ana watoto watatu na wa mwisho ana miezi kumi na nne, alafu nikawaacha hukohuko sikuwagusa tena. Mama mdogo hakusikia tena bastola wala ukuta, akili yake yote ilihamia kwa yule wa miezi kumi na nne, kalala na nani na mvua yote ile. Tangu siku hiyo aina hii ya riwaya naiandika na hilo swali nimelibandika ukutani mbele ya meza, na ndo naloanza nalo hapa kwa sababu ukilijibu vizuri unapata kicheko na taharuki kwa mpigo mmoja, huhangaiki kutafuta kimoja kimoja.

Yaani iko hivi. Wapelelezi wa riwaya zetu za miaka ya 70 na 80, zile tulizosoma kwa kupokezana mpaka majalada yakachomoka, karibu wote walikuwa wanaume wasio na mtu wa kuwauliza umetoka wapi saa hizi. Anaingia hotelini, anapanda ndege, anapigwa, anapona, hana daftari la mtoto la kukagua. Mama hana huo uhuru na huko kukosa uhuru ndo utajiri wako wewe mwandishi. Kila dakika anayoifanyia misheni kaiiba kutoka nyumbani, na nyumba inamdai. Kwa hiyo tafadhali sana usimwandike mama wa kuchekwa, mshamba anayeshika bastola kichwa chini miguu juu, hiyo ni kumvunjia heshima na pia inachosha ukurasa wa kumi tu. Mama ni hodari wa kazi zote mbili, shida ni kwamba zote mbili zimeangukia saa ileile. Kicheko kitoke hapo.

Anza na mtaa, bastola itakuja

Kabla hujafikiria adui wala siri, mjue mama yako anaishi wapi na nani anamjua kwa jina gani. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linamezwa na la mtoto. Anaitwa Mama Nuru. Mwenye duka anamuandika Mama Nuru kwenye daftari la mkopo, mjumbe anamjua Mama Nuru, bodaboda kamsevu Mama Nuru, muulize jirani wa miaka tisa jina lake la kwenye kitambulisho atabaki anakuna kichwa. Jasusi wa kawaida anatengenezewa jina la bandia, makaratasi, historia ya uongo aikariri, huyu mtaa umempa vyote bure na hakuna hata mtu mmoja anayeshangaa.

Na mtaa mmoja una kina Mama Nuru watatu. Kuna Mama Nuru mwalimu, kuna Mama Nuru wa genge, kuna Mama Nuru wa geti jeusi ambaye ndo wetu. Hilo liseme sura ya kwanza kijuujuu tu, kama maelezo ya kawaida ya mtaa, msomaji atacheka kidogo atapita. Kumbe umeshatega. Sura ya tisa mzigo wa siri unaletwa na bodaboda mgeni, anauliza kwa Mama Nuru wapi, anaelekezwa gengeni, Mama Nuru wa genge anaupokea, anashukuru, anauweka chini ya sanduku la nyanya.

Mambo ya kweli yanakupa moyo

Kabla sijaandika naona vizuri kusoma waliofanya kweli, sio kuwaiga, ila kujua dunia inaruhusu nini. Anza na Ursula Kuczynski. Mjerumani, kazaliwa Berlin 1907, akaingizwa kwenye ujasusi wa jeshi la Kisovieti akiwa Shanghai mwanzoni mwa miaka ya 30, jina lake la kazi Sonya. Watoto watatu, na wote kawazaa akiwa kazini. Mwaka 1941 akahamia Uingereza, akaishi maeneo ya Oxford, baadae kijiji cha Great Rollright, majirani wanamuona mama mpole tu mwenye watoto na baiskeli yake, kumbe anarusha taarifa Moscow kwa redio, na baiskeli hiyohiyo inampeleka kukutana na Klaus Fuchs, yule mwanasayansi aliyevujisha siri za bomu la atomiki. 1947 maafisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, wakamfuata hadi nyumbani wakamhoji, wakatoka mikono mitupu. 1950 akaondoka zake kwenda Ujerumani Mashariki.

Ila kipande kinachonifundisha mimi uandishi sio cha atomiki, ni cha yaya. Mwaka 1940 walikuwa Uswisi, Ursula anajiandaa kwenda Uingereza, na yaya aliyewalea wale watoto miaka na miaka hawezi kwenda nao. Yaya anampenda binti wa Ursula kama kamtoa tumboni mwake, uchungu wa kutenganishwa naye ukamzidi, akaenda kuwaambia watu wa ubalozi mdogo wa Uingereza kwamba bosi wangu ni jasusi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kiasi kwamba hawakumuelewa wakaachana nae. Fikiria hapo. Mtandao mzima ulikuwa unakatika na haukukatika kwa sababu mama mmoja mwenye uchungu alikosa maneno. Ukiisoma unacheka, alafu unamuonea huruma yaya, alafu mgongo unakusisimka, vyote kwa pamoja, na mimi ndo hali naitafuta kwenye kila sura.

Kwa hiyo dada wa kazi kwenye riwaya yako asiwe kivuli cha kuleta chai. Huyo ndo mtu pekee anayejua mama karudi saa ngapi, viatu vina tope la wapi, nguo gani imefuliwa usiku badala ya asubuhi. Mpe jina, mpe mapenzi na mtoto fulani, mpe kwao na mama yake anayeumwa, mpe mshahara uliochelewa wiki mbili kwa sababu bosi alikuwa kwenye misheni akasahau. Adui akija na bahasha ya laki tano mlangoni msomaji awe hajui kabisa dada atafanya nini.

Mfano mwingine ni wa juzijuzi. Juni 2010 FBI waliwakamata watu 10 Marekani waliokuwa wakiishi kama raia wa kawaida kumbe ni wapelelezi wa Urusi. Wawili kati yao walikuwa mke na mume wa Montclair, New Jersey, mtaa wa familia, wanajiita Richard na Cynthia Murphy, wana mabinti wawili. Jirani mmoja kijana aliwaambia waandishi wa habari kuwa hawa hawawezi kuwa majasusi, tazameni alivyoyatunza maua yake ya haidrenja. Na kwenye nyaraka za kesi kuna ujumbe wa siri wakibishana na makao makuu Moscow kuhusu umiliki wa ile nyumba, iwe ya nani. Mwezi uliofuata wakabadilishwa na wafungwa wengine, uwanja wa ndege wa Vienna.

Isome tena hiyo kama mwandishi. Watu wamefundishwa kuficha ujumbe ndani ya picha, na ujumbe wenyewe ni wa umiliki wa nyumba! Mswahili yeyote aliyewahi kugombania kiwanja na ndugu zake anaielewa hiyo mpaka kwenye mifupa. Ndo maana nasema makao makuu ya jasusi wako yaandike kama ofisi, kuna fomu, kuna retairementi ya safari, yaani kurudisha hesabu ya pesa ulizopewa, kuna risiti za nauli zinazotakiwa na bajaji haitoi risiti. Mama Nuru kakimbizwa kutoka Tegeta mpaka Mbagala kabadilisha usafiri mara tano, kesho yake mhasibu wa kitengo anamuuliza viambatanisho viko wapi.

Hapo niongeze kitu, kitengo chenyewe kitunge. Kipe jina lako, ghorofa lako, bosi wako. Ukitumia idara ya kweli utakuwa unaandika kwa uoga na msomaji ataanza kutafuta nani ni nani badala ya kufuata hadithi.

Mlango wa kuingilia

Wengi wanaharibu hapa. Gari jeusi linasimama, mwanaume wa suti anashusha kioo, "tumekuwa tukikufuatilia." Hapana jamani. Mlango mzuri ni kosa dogo la kawaida. Odette Sansom alikuwa Mfaransa aliyeolewa na Mwingereza, anakaa Somerset na mabinti zake watatu, 1942, vita ya pili ya dunia imepamba moto, akasikia jeshi la majini la Uingereza linaomba picha za pwani ya Ufaransa, akaandika kwamba anazo, barua ikaenda ofisi siyo, Wizara ya Vita badala ya ya jeshi la majini. Kwa barua hiyo akaitwa, akafundishwa, na kabla mwaka haujaisha yuko Ufaransa kwa siri. Yaliyofuata hayana kicheko hata chembe, alikamatwa 1943, akateswa, akafungwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Ravensbrück, akatoka hai, na 1946 akapewa nishani ya George Cross. Namtaja kwa heshima kabisa, na ninachokuomba uchukue kwake ni ule mlango tu, barua iliyopotea njia.

Mimi mlango wangu niliutengeneza hivi. Mama Nuru ananunua dawa ya kikohozi ya mtoto, dawa ileile anayoinunua tangu kifungua mimba, anafungua anaona kile kikombe cha kupimia kina mistari mitatu wakati siku zote kina minne. Anaonja tone kwenye ulimi, utamu sio ule. Mwenye duka la dawa anamwambia mama wewe umezidi wasiwasi. Anaandika kikaratasi, kwa hasira na kwa mwandiko mzuri, anabandika kile kikombe kwa selotepu, anakitumbukiza kwenye sanduku la maoni la ofisi fulani na jina lake analiandika Mama Nuru, geti jeusi. Kuna watu walikuwa wanautafuta huo mtandao wa dawa bandia miezi minane na hawakuwa na kitu hata kimoja cha kushika mkononi.

Unaona kilichofanyika? Hajapewa kipaji cha ajabu wala hajajulikana kuwa baba yake alikuwa komandoo. Kinachomuingiza ni kitu anachokijua kwa kukirudiarudia usiku wa manane na mtoto anakohoa. Na adui kapatikana humohumo, tena adui anayetisha kweli, maana dawa bandia inaingia kwenye chumba cha mtoto wa msomaji. Hili la adui silifanyii mchezo hata kidogo. Riwaya inaweza kuchekesha kila mahali lakini adui akichekesha taharuki imekufa. Awe mtaratibu, awe na adabu, awe anasalimia wazee mtaani na anachangia misiba. Na mapema kabla ya nusu ya kitabu mtu mmoja tunayempenda aumie kweli, alazwe, ili msomaji ajue mwandishi hatanii.

Saa yako iwe maharage

Kwenye filamu kuna bomu lenye namba nyekundu zinarudi nyuma. Wewe una maharage. Maharage makavu juu ya mkaa yanataka karibu masaa mawili, na kila mpishi anajua ile hesabu, ukiondoka unaongeza maji, ukichelewa yanakauka, yakikauka yanashika chini, yakishika harufu inafika kwa jirani. Sasa muweke Mama Nuru nje ya nyumba ya mshukiwa nyumba ya nne kutoka kwake, anasubiri mtu mmoja tu atoke na boksi, na maharage yako jikoni. Kaongeza vikombe viwili vya maji akitoka. Anajua vikombe viwili kwa moto ule ni nusu saa. Huna haja ya kuandika saa ya ukutani, andika harufu. Kwanza harufu ya kawaida ya maharage yanachemka inakuja na upepo, anatulia. Alafu harufu inakuwa nzito. Alafu inakuja ile ya tamu kidogo, ile ya dakika moja kabla ya kuungua, na mlango wa mshukiwa ndo unaanza kufunguka.

Saa kama hizo ziko nyingi, gari la shule linalopita saa kumi na moja na nusu alfajiri na dereva hasubiri, maji ya bomba yanayotoka Jumanne na Ijumaa tu, mwendokasi ya mwisho, adhana ya magharibi mtoto awe ndani. Msomaji wako anaziishi, mwili wake unazijua, ukizitaja tu moyo unaanza kwenda mbio wenyewe.

Mawasiliano ya siri yatoke kabatini

Hapa ndo napapenda kuliko pote. Sahau kalamu zenye kamera. Tuna kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi ya chini, na kwa desturi yetu mwanamke anaweza kumaliza ugomvi mzima au kuuanzisha bila kufungua mdomo, anavaa tu anapita. Ajenti wa pili anapita mbele ya geti kila asubuhi na kanga yake ndo ripoti. Akivaa "Wema hauozi" mzigo umefika salama. Akivaa "Hasidi hana sababu" kuna mtu anafuatilia usitoke. Majirani wote wanayasoma hayo maneno na kila mmoja anadhani anasemwa yeye, na tayari una ugomvi wa mtaa unaopanda taratibu pembeni ya misheni.

Sasa tafuta pale panapoweza kuharibika. Kanga ikifungwa kiunoni vikunjo vinameza maneno. Ajenti kavaa "Japo sipati tamaa sikati", maana yake kwenye kitabu chao ni endelea kama tulivyopanga. Kajifunga vibaya kwa haraka, Mama Nuru kutoka dirishani anaona neno moja tu, SIPATI. Hajapata mzigo! Kwa hiyo anautuma tena, na mzigo wa pili unaenda mikononi mwa mtu ambaye hakutakiwa kujua kama kuna mzigo. Msomaji kaiona kanga yote kwa sababu sura iliyopita ulimuonyesha ajenti akiichagua kabatini. Yeye anajua, Mama hajui, na huyo msomaji hatalala mpaka amalize sura.

Tokeni ya LUKU nayo ni namba ishirini, inakuja kwa meseji, hakuna anayeitilia shaka kwenye simu ya mama mwenye nyumba. Kitengo kinamtumia namba za siri kwa mtindo huo. Usiku umeme unakatika, baba watoto mwenye mapenzi yake anachukua simu ya mkewe, anakuta tokeni, anaenda kwenye mita na tochi kuingiza. Mita inakataa. Anarudia. Inakataa. Anawapigia huduma kwa wateja anawasomea namba moja moja kwa sauti ya kutosha mtaa mzima kusikia, na Mama Nuru yuko bafuni ana povu usoni anazisikia siri za serikali zikitajwa kwa utaratibu, "sita, sita, tena sita, alafu sifuri."

Sura moja kwa karibu

Nikuonyeshe sini moja nilivyoipanga maana maneno matupu hayatoshi. Mama Nuru alikuwa na memori kadi yenye majina yote ya wasambazaji, akaona anafuatwa, akaitumbukiza kwenye bahasha ya mfuko wa jamii, ile michango ya kusaidiana, siku ya kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, na bahasha ikafungiwa kwenye sanduku. Wanaokijua kikoba wanajua sanduku linakuwa na kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wiki imepita. Leo Jumamosi saa kumi sanduku linafunguliwa, na adui kaja kama mgeni wa mwanachama mmoja.

Kufuli la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. Mama Eliya akaingiza mkono kwenye pochi, akautoa, akauingiza tena mpaka kwenye kiwiko.

"Jamani, ufunguo si nilimpa baba Eliya anishikie."

"Yuko wapi?"

"Kaenda msibani Korogwe."

Kina mama wakaguna. Yule mgeni mwenye viatu vya ngozi akaangalia saa yake, akasimama. "Tulivunje tu," akasema kwa upole. "Kufuli jipya nitanunua mimi."

Mwenyekiti, bibi wa miaka sabini na mbili, akamtazama kuanzia kwenye viatu kwenda juu. "Mgeni. Katiba ya kikundi hiki, kipengele cha saba, sanduku halivunjwi bila theluthi mbili ya wanachama kunyoosha mkono. Kaa chini. Na faini yako ya kuchelewa hujatoa."

Mgeni akakaa. Akatoa elfu tano. Katibu akamwambia hana chenji, asubiri.

Haya, angalia kilichopo. Hakuna aliyefanya utani. Mwenyekiti anaitetea katiba kwa moyo wake wote na hajui kuwa anailinda nchi. Mama Eliya ana aibu ya kweli. Adui ana haraka na hawezi kuionyesha. Mama Nuru anataka kufuli livunjwe na pia hataki livunjwe, kwa sababu likivunjwa wote wawili wataifikia bahasha sekunde moja. Msomaji anacheka na mikono imemtoka jasho. Kanuni ninayoifuata ni hii, mhusika yeyote akijua kwamba anachekesha nakifuta hicho kipande. Kila mtu awe anapigania kitu chake kwa dhati, wewe kazi yako ni kuwapanga chumba kimoja.

Kingine, sini kama hii haisimami peke yake. Kufuli tatu lazima tulizione sura ya pili zikifunguka bila shida yoyote, faini ya kuchelewa tuisikie sura ya pili, bibi mwenyekiti tumuone hukohuko akimtoza faini mwanae wa kumzaa. Mimi huwa naandika sini kubwa kwanza alafu narudi nyuma kupanda mbegu, na sioni haya kurudi hata mara sita.

Mume, na kile kikao

Baba Nuru msimfanye bwege. Hiyo njia ni rahisi, mume haoni kitu, mke anapeta, lakini inamshusha na mama pia, kwamba aliolewa na mtu asiyemuona. Baba Nuru anamuona mkewe vizuri sana. Anaona simu inageuzwa kifudifudi, anaona safari za jioni, anaona elfu sitini ambazo hajui zimetoka wapi. Na kama mwanaume yeyote wa mtaani anafikia jibu moja, kuna mtu. Hapeleki kelele, anampigia mshenga.

Kikao cha familia ni sura ya kuandika kwa siku nyingi usiikimbize. Mshenga kavaa kofia yake, shangazi yupo, kaka wa mama katoka Morogoro na gari la asubuhi, soda zimefunguliwa. Wanamuuliza kwa heshima na taratibu, mwanetu, Alhamisi ile ulikuwa wapi. Na Alhamisi ile alikuwa amelala chini ya lori la dawa bandia Kurasini kwa masaa matatu. Ana njia mbili, aseme ukweli awaweke wote hatarini au akubali kosa ambalo hakulifanya. Hapa ruhusu kicheko kipungue. Mimi niliandika anakaa kimya muda mrefu, soda inatoa gesi kwenye chupa, alafu anaomba msamaha kwa kitu asichokifanya na mumewe anaangalia sakafu. Ukiweza kumfanya msomaji alie hapo, sura inayofuata shangazi akianza upelelezi wake mwenyewe wa kumtafuta huyo mwanaume, msomaji atacheka mara mbili ya kawaida, na shangazi ni mpelelezi mzuri kuliko kitengo kizima.

Kuhusu lugha, andika wanavyoongea. Mama Nuru akiwa na bosi wa kitengo anasema "nimekuelewa mkuu", akigeuka kwa mtoto "we shuka hapo juu", akipokea simu ya mama mkwe "shikamoo mama, tupo salama", hizo sauti tatu ndani ya ukurasa mmoja zinachekesha zenyewe huna haja ya kuongeza kitu. Sentensi za hatari fupisha. Sentensi za umbea ziache zitembee mpaka pumzi iishe.

Ukimaliza drafti ya kwanza usimpe mwandishi mwenzako kwanza. Msomee kwa sauti mtu mwenye kazi mkononi, anayechambua mchele, anayesuka, anayekunja nguo, na umuangalie mikono. Mikono ikisimama una taharuki. Mikono ikiendelea na anacheka uko vizuri. Mikono ikiendelea na hacheki weka alama ya kalamu hapo urudi kuandika upya. Akikuuliza swali usimjibu kwa mdomo, jibu lake liingie kwenye kitabu.

Na sura ya mwisho, mtandao umekamatwa, baba Nuru ameshajua kiasi alichoruhusiwa kujua, usimpeleke mama jukwaani kupewa nishani mbele ya watu. Mpeleke kikoba. Jumamosi saa kumi na dakika kumi na mbili, kavaa kanga yake, kafungwa plasta kwenye kidole kimoja, mtoto mgongoni. Bibi mwenyekiti anaangalia saa. Mama Nuru anatoa elfu moja, anaiweka kwenye sahani, anakaa kwenye mkeka, na katibu anaandika kwenye daftari: Mama Nuru, kachelewa, hakutoa sababu.